Mpishi Asiyetulia

Evelyne, binti wa marehemu Emilian, ni mtu wa hapa hapa Bashay. Tangu kamati ya shule imfanyie vile, wajumbe wenzangu nikikutana nao njiani nawaamkia kwa sababu tu ni wakubwa kwangu. Ingekuwa hiari yangu ningepita kimya.

Kazi yake ni kupika mashuleni. Alianza shule moja upande wa Hirbadaw, akahamia Gehandu, kisha sekondari moja karibu na Mbulu mjini. Kote aliondoka mwenyewe, hajawahi kufukuzwa. Ana mkono mzuri, ni msafi, na mdomo anao: kitu kibaya akikiona anakisema, na asiposikilizwa anavua aproni anaondoka. Watu wanamwita kiguu na njia. Wanasema huku wanacheka, na kicheko hicho kinanikera.

Kilichomwondoa kila mara ni mahindi. Huku kwetu wazazi tunachangia chakula cha shule kwa madebe. Basi mazuri yanauzwa mnadani au yanabaki nyumbani. Yanayopelekwa shuleni ni yale ya chini ya ghala, yaliyotobolewa na dumuzi, au yaliyochanganywa na dawa ya kuhifadhia juzi tu, unga wake mweupe bado umeganda. Wanaofanya hivyo nawajua, ni majirani zangu, Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Na wanaolishwa ni watoto wao wenyewe, jamani. Evelyne akiyaosha, maji yanatoka meupe kama maziwa, harufu inampanda puani, naye anakataa kuyabandika. Anaambiwa apike hivyo hivyo. Anaondoka.

Mwaka huu mama yake, Natalia, alipooza upande mmoja. Evelyne ni mtoto wa pekee, ikabidi arudi nyumbani. Bahati nzuri shule yetu ikatangaza nafasi ya mpishi, na kutoka mlangoni kwao moshi wa jiko la shule unauona. Akipata kazi, atapika mchana na jioni atamgeuza mama yake kitandani. Akikosa, arudi mbali kutafuta, mgonjwa abaki akihurumiwa na majirani. Hilo kila mjumbe wa kamati alilijua.

Siku ya usaili tulikaa ofisi ya walimu. Mwenyekiti wetu ni Mzee Bura, na pembeni yake alikaa Mwalimu Renatus, mwalimu mkuu, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Mimi ni mjumbe upande wa wazazi.

"Shikamooni," Evelyne akasema.

"Marahaba. Binti, Hirbadaw umetoka, Gehandu umetoka, mjini umetoka," Mzee Bura akamwambia. "Sisi je, utatuvumilia mpaka lini?"

"Mpaka nizeeke, mzee, mkinipa mahindi yanayolika. Kule niliondoka kwa sababu ya mahindi yenye dawa."

Wakaangaliana. Mwalimu Renatus akakohoa, akasema mwajiri yeyote akiona mtu wa kuhamahama namna hii anaogopa, kwa sababu taasisi inahitaji mtu wa kudumu. Mzee Bura akadakia kwamba mwanamke anayeacha kazi tatu, ya nne ataiacha tu, tena huyu ni mjuaji. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za dawa. Nikauliza mimi. Nikaambiwa, "Mama Pascal, tusitoke nje ya mada." Nikajiona nimekaa na watu wanaonuka.

Wa pili kuingia alikuwa Felician, mzee mpole, kofia mkononi. Amepika shule moja ya jirani tangu watoto wangu hawajazaliwa, na sasa anataka kusogea karibu na shamba lake. Mwajiri wake hajawahi kumsikia akilalamika. Wajumbe wakafurahi kabisa, wakawa wanamsifu mbele yake kama wanaonadi maksai. Huyu ametulia, ndiye mtu wa kuajiri. Tukapiga kura ya kunyoosha mikono. Wa Evelyne ulikuwa mmoja, wangu.

Wiki ile ile Evelyne akapata kazi kwenye hoteli ya chakula huko Katesh. Alinikabidhi ufunguo wa nyumba yao, akanionyesha namna ya kumgeuza mama bila kumuumiza bega. Hakulia. Mama yake ndiye aliyelia, na mdomo wake haufungi vizuri, kwa hiyo ilibidi nimfute.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda jikoni kuona. Sufuria la makande lilikuwa linachemka, na ile harufu ya dawa imejaa mpaka mlangoni. Watoto walikuwa wamepanga foleni na sahani zao, Pascal wangu katikati. Felician alikuwa amekaa pembeni na kontena lake la plastiki, anakula ugali na mboga.

"Shikamoo, mzee. Wewe huli makande?"

"Marahaba, mama," akanijibu kwa upole ule ule waliompendea. "Mimi cha shule sili. Miaka yote nabeba changu kutoka nyumbani."