Elektroni Iliyotoka Beni

"Mama, elektroni iko sawa na bwana yako," mwalimu wa kemia aliniambia mbele ya darasa. "Ilitoka Beni, hapa Butembo hapana fika."

Wakacheka. Nilisimama, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimevumilia mengi: kuitwa mama na wasichana wa umri wangu, kutolewa nje mtoto akilia. Hilo, hapana.

Nilichouliza kilikuwa cha masomo. Asubuhi nzima alikuwa akichora atomi ubaoni na kuifuta. Zamani, alisema, walidhani ni kama gololi ngumu. Halafu ikawa kama marakuja, mbegu zimetawanyika ndani. Halafu kiini katikati, elektroni zikikizunguka. Mwisho akachora ngazi: elektroni hukaa hapa ama pale, kati hakuna pa kukaa. Kitambaa chake kilikuwa kikavu, kwa hiyo duara za zamani zilibaki nyuma ya zile mpya, nyeupe hafifu, zikinitazama. Nikauliza: ikiruka, inapita wapi?

Maana mimi naishi na swali hilo. Bwana yangu alipanda gari Beni, akanipigia simu kwamba wameondoka. Gari lilikutwa njiani, milango wazi, ndani hakuna mutu. Kwa ukoo wa bwana yangu hakuna matanga bila mwili, kwa hiyo sijanyolewa nywele, hata mjane siitwi. Kila jioni mama mkwe anamwekea bugali kwenye sahani yake, anaifunika. Asubuhi ni mimi ninayekula kile kiporo. Nakula haraka, kama mwenye sahani yuko mlangoni.

"Elektroni inafika, mwalimu," nilimwambia. "Ikishuka inatoa mwanga, unajua iko wapi. Bwana yangu hapana kutoa hata mlio wa simu."

Mkuu wa shule, prefe wetu, aliniita. Akasema niandike kuomba radhi, la sivyo nisirudi darasani. Niliandika, lakini kwa Kiswahili, sababu Kifaransa kingenipa adabu:

"Bwana Prefe, ninamshitaki mwalimu wa kemia. Mfano wake ni wa uongo, na ni wa kunidharau. Elektroni haikai kati ya ngazi mbili. Mutu anakaa, na nyumba yake yote inakaa naye. Ninaomba aufute mfano huo mbele ya wale waliocheka, na safari hii kwa kitambaa chenye maji. Radhi siombi. Kesho nitakuwa kwenye benchi yangu, na mtoto wangu."