Mpaka wa Baba Mdogo

Utotoni mwangu kule Mabira, Bibi alinichapa kwa kosa moja tu: kuchezea omuramura, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuonyesha mpaka wa shamba. Alishikilia kwamba ukishang'olewa, lazima damu imwagike. Niliamini, maana Bibi hakuwa na mzaha na fimbo yake.

Baba yangu mdogo, Felisiani, alikuwa mpole mpaka watu wakamwita bwege. Kuku akichinjwa, yeye alijitafutia kazi migombani. Mkewe akimtukana mbele ya wageni, alicheka tu.

Asubuhi moja tulimkuta jirani yetu, Ta Deo, ameng'oa omuramura na kuipanda upya ndani ya migomba yetu.

"Ta Deo, irudishe," baba mdogo alisema, kwa sauti yake ya kila siku.

"Wewe Felisiani, utanifanya nini?"

Panga la baba mdogo lilimpata Ta Deo kwenye kiwiko. Mkono ukaning'inia kwa ngozi, damu ikaruka mpaka usoni kwangu, ya moto. Ta Deo akaanguka, na baba mdogo akaendelea kumkata begani, bila kupiga kelele, kama mtu anayepunguza majani makavu ya mgomba. Bibi alijitupa katikati akakatwa kiganja. Hapo ndipo mwanawe alipolidondosha panga.

Ta Deo alipona, ila mkono aliupoteza. Baba mdogo akafungwa. Kijiji kizima kilisema ule mmea ndio uliomwingia, na mimi nilipenda iwe hivyo, maana nilimpenda sana.

Siku hizi nakumbuka jambo jingine. Kila tulipofika mpakani, hata akiwa katikati ya kicheko, alinyamaza. Upole wake ulikuwa wa kweli. Sisi ndio tuliodhani unafika kila mahali.

Alishatoka gerezani, na wanangu humpanda mgongoni kutwa nzima. Juzi watoto wa Ta Deo walituita twende tukahakiki mpaka. Nikamwambia aje, yeye sasa ndiye mkubwa wetu.

"Siku hiyo nipeleke kwa dada yako kule Bugene, mwanangu," alinijibu. "Hapa nyumbani najiamini. Nikisimama pale, sijui."

Siku ilipofika nikamwitia bodaboda. Bibi aliogopa mmea hadi anakufa. Baba mdogo anajiogopa mwenyewe, na ndiyo maana nikisafiri namwachia yeye wanangu.