Utumbo wa Mzee Ghalib

Katika hospitali ndogo milimani, nje ya mji wa Ibb nchini Yemen, ilibaki mashine moja tu ya usingizi wa upasuaji. Ya pili ilisubiri kipuri kilichokwama ng'ambo kwa sababu ya vita. Siku hiyo Daktari Ibtihal alikuwa akimwandaa mzee Ghalib, mwashi ambaye ngiri ilikuwa imembana utumbo, mara kamanda wa wapiganaji wa eneo hilo akaingia na mpwa wake. Kijana aliumwa kidole tumbo, na angeweza kusubiri. Kamanda hakumtisha mtu. Alisimama tu mlangoni na bunduki begani, na Ibtihal akaanza na kijana.

Alipomrudia mzee, kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa. Akakikata.

Asubuhi mzee alimshika mkono. "Mungu akuweke, binti yangu. Umeniokoa."

Shukrani ile ilimchoma. Kule Amman, Jordan, alikosomea udaktari, vyumba vya upasuaji vilipangana kama maduka, na hakuwahi kuulizwa nani aanze. Lakini jana si mashine iliyochagua, wala vita. Aliyechagua ni yeye mwenyewe.

"Baba, ningeanza na wewe, usingekatwa utumbo," alisema. "Niliogopa."

Taqiyya, mke wa mzee, akaacha kumenya chungwa. Mzee akacheka huku ameshika kidonda. "Basi mwambie kamanda anirudishie utumbo wangu!" Kicheko kikamwisha. "Na akija tena leo?"

Ibtihal alitaka kusema atamkatalia, lakini akaikumbuka ile bunduki mlangoni.

"Sijui, baba," alisema, akainama kumbadilishia bandeji.