Nilimwangusha Mganda wa Sherikat

Sikuwahi kumpenda. Alikuwa Mganda, fundi wa bodaboda kule Sherikat, pembeni mwa Juba, na judo yake ilikuwa ya kutambaa. Mimi nililelewa Nairobi, nikafundishwa kumrusha mtu tukiwa wima, azunguke juu ya nyonga yangu atue kwa mgongo. Yeye hakujali kuangushwa. Akishafika chini ndipo kazi yake inapoanza: anakudaka ukosi, anakuzungushia miguu, anakukaba. Nilimwambia mbele ya wenzetu kwamba hiyo si judo, ni kufukuza panya uvunguni.

"Wewe rusha tu," akanijibu bila hasira. "Mimi iko huko chini, nangoja."

Jumamosi moja mwalimu wetu, Mkenya aliyefanya kazi benki, alitupambanisha katika ukumbi wa shule tulikofanyia mazoezi, mtaa wa Hai Jalaba. Wa uzito wetu angekwenda mmoja tu mashindanoni Kampala, na nafasi ile niliitaka mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Nikamwalika mjomba. Ujanani alipigana mieleka kwenye kambi za ng'ombe, na tangu amani inirudishe Juba aliniona kitoto cha Nairobi kisichojua hata kukamua. Nilitaka anione nikishinda.

Nilimwingia Mganda kwa nyonga, miguu yake ikapaa, akatua kwa kishindo. Lakini alitua kwa ubavu, si kwa mgongo mzima, kwa hiyo refa alinipa nusu pointi tu na pambano likaendelea.

Mjomba hakujua habari za nusu. Kwao mtu akishaanguka, imeisha. Aliruka kitini akipiga kelele, "Khalas! Khalas!", akainua mikono kama pembe za fahali na kuanza kuimba wimbo wa kumsifu mshindi. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniimbia. Nikageuka kumtazama, na nikatabasamu.

Mkono ukapita chini ya kidevu changu kutoka nyuma. Ukosi ulipokaza nilijua Kampala imekwenda. Macho yalianza kuingia giza, nikapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, maana ndivyo mtu wa judo anavyokubali kushindwa. Wimbo ukakatika.

"Si nilikuambia?" Mganda akaninong'oneza. Hilo ningeweza kulimeza. Lakini mjomba alinisubiri mlangoni.

"Ulimwangusha mwanamume," akasema kwa Kiarabu cha Juba, "halafu ukamwomba akuachie."

Akarudi zake nyumbani Gudele bila mimi.

Mpaka leo, hakuna harusi ya ukoo ambako haisimulii siku ile. Anaisimulia vizuri kuliko mimi: anainuka, anazungusha nyonga, wageni wanapiga makofi. Kisha anasogeza sahani kando mpaka meza iwe wazi mbele yangu.

"Haya, waonyeshe mkono wako ulivyofanya."

Mjomba hakataliwi. Napiga meza mara mbili, na katika wote wanaocheka, anayecheka zaidi ni mwanangu.