Paka Aliyekoshwa Mara Saba

Mama yangu hakuwahi kuja kwetu mikono mitupu, na ningemshukuru sana kama hivyo alivyobeba angekuwa anatuletea sisi. Alikuja na chupa yake ya chai, kikombe chake, mkate wake wa kumimina aliouzungushia kitambaa, na mkeka wake kwapani. Akishuka kwenye gari hapa kijijini Wambaa, anatandika mkeka barazani, anajimiminia chai, kisha ananiambia, "Karibu mwanangu." Yaani mimi mwenye nyumba nakaribishwa kwenye baraza yangu mwenyewe! Maji yangu hanywi, wali wangu hagusi, na ikifika adhuhuri huenda kusali kwa jirani.

Sababu ilikuwa mbwa. Ndivyo alivyosema, na sisi tukamwamini.

Mimi mwenyewe si mtu wa mbwa. Nimekulia Tibirinzi, mjini Chake, na mbwa nilimjua wa kumpisha njia tu. Lakini mume wangu ana shamba la urithi nyuma ya nyumba, muhogo na migomba na mbatata kidogo, na mwaka ule tulipooana tumbili walikuwa wakilivuna kabla yetu. Tumbili wa huku hawana haya. Anang'oa muhogo, anang'ata kidogo, anautupa, anang'oa mwengine, na huku anakutazama usoni. Mume wangu aliwapigia makopo, akawasimamishia sanamu lenye kanzu yake kuukuu, na siku ya pili tukamkuta tumbili amekaa kwenye bega la sanamu anakula ndizi.

Basi akenda kwa wasasi, wale wanaowinda nguruwe na tumbili mashambani, nao wakampa mtoto wa mbwa. Alirudi naye ndani ya kikapu, na uso wa mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

"Wa shamba tu," aliniambia. "Mbwa wa kulinda mazao hana neno. Hata mwalimu wa madrasa nimemuuliza."

"Hana neno shambani," nikamjibu. "Mimi nazungumzia nyumba yangu."

Tukakubaliana kwamba mbwa havuki kizingiti, chombo chake kinakaa kule bandani, na mimi simgusi. Jina hatukumpa. Mume wangu alimwita "wee" na mimi nilimwita "mbwa wako." Nilidhani kwa namna hiyo nitamweka mbali. Masikini mimi! Baada ya muda nilikuwa nasimama mlangoni na mwiko mkononi, namgombeza kama mtoto wa skuli, na yeye amekaa nje ya kizingiti kwa adabu zote, kichwa kakilaza upande, ananisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu hajawahi kunisikiliza vile.

Paka yeye alitoka kwa mama. Ni mjukuu wa paka wake, tena alinipa kwa mkono wake siku niliyohamia huku, akasema nyumba isiyo na paka haina baraka. Kwa hiyo paka alikuwa na vyeo vyote: analala kitandani, anakaa juu ya msala wangu wa kusalia wakati nautandika, anaonja mchuzi kabla ya baba mwenye nyumba. Nilitegemea atamchukia mbwa, na wiki ya kwanza kweli alimchania pua. Kisha nikatoka uani asubuhi moja nikawakuta wamelala pamoja bandani, paka kajikunja tumboni mwa mbwa, na mbwa anamramba masikio.

Tangu hapo hatukuwa na raha, na kusema kweli hatukuwahi kucheka hivyo pia. Siku moja nilikaanga samaki changu watatu nikawafunika kwa sahani, nikenda kuanua nguo. Nikasikia kishindo. Narudi, mbwa yuko chini ya dirisha la jiko anatafuna, na paka yuko dirishani juu anamsukumia wa pili kwa mkono wake, taratibu, asivunjike. Wa tatu alikuwa kajiwekea mwenyewe. Mume wangu, ambaye aliyaona yote kutoka shambani wala hakupiga hata kelele, alikuwa amekaa chini kwa kicheko, machozi yanamtoka.

"Unacheka?" nilimwambia. "Hicho ndicho chakula chako kilichoondoka."

"Hebu waangalie lakini," akasema. "Wamegawana vizuri kuliko sisi."

Mbwa naye alikuwa na maradhi ya kandambili. Za kwetu hakuzitaka. Alizifuata za majirani, tena akachukua moja moja, na jioni mume wangu alikuwa akizunguka mtaani na kandambili za watu kwenye fimbo, anabisha hodi na kuomba radhi. Majirani walinung'unika, na wana haki. Lakini tumbili walipohamia kwenye migomba yao, walikuja mmoja mmoja kuuliza kama mbwa wetu ana nafasi.

Yote hayo niliyaweza. La mama ndilo lililonikaa rohoni. Nilijua nimeolewa kwa radhi yake, na mume wangu mama alimpenda tangu siku ya kwanza, ingawa baadhi ya shangazi zangu walijitia kuuliza babu zake walitoka bara ya wapi. Sasa kila anapokuja nilipika kana kwamba safari hii atakula. Nilipika pweza wa nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote, nikasafisha jiko mpaka likang'ara, nikamwonyesha vyombo vipya ambavyo mbwa hajaviona hata kwa mbali. Naye hutabasamu, humega mkate wake na kusema, "Nshashiba mie, mwanangu." Akishaondoka, mume wangu na mimi tulikula pweza wenyewe, na hasira zangu zote nilizimwaga kwake yeye na mbwa wake. Niliona aibu. Niliona mama anatuona wachafu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua kali. Mama amekaa barazani kwake, maana baraza ile ilishakuwa yake, ametoka kutia udhu kwa jirani na anasubiri adhana. Paka akaja mbio kutoka uani, akaruka mapajani mwake. Mama akampangusa mgongo kwa mapenzi.

"Masikini paka wangu, umerowa chapachapa! Mvua imekukuta wapi?"

Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Nilimkodolea macho mume wangu anyamaze. Lakini yule bwana hajui kusema uongo, na hata kunyamaza anaona ni uongo.

"Hiyo si mvua, mama," akasema.

Mama aliutazama mkono wake. Akamtazama paka. Akamtazama mbwa, ambaye alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba, ulimi nje, anatikisa mkia kwa furaha ya kumwona mgeni.

"Subhanallah!" Aliinuka kwa kasi ambayo sikujua bado anayo. "Paka wangu mie, bibi yake nimemlea kwa mikono yangu, leo yuwarambwa na mbwa! Na ndani huingia paka huyu?"

"Huingia," nikasema.

"Hatii guu ndani tena mpaka akoshwe. Mara saba, na moja kwa udongo."

Mkono na gauni tulivimaliza haraka. Paka ndiye aliyekuwa kazi. Mume wangu alimfunga mbwa kwenye mnazi, akamshika paka ndani ya gunia, kichwa tu nje. Mimi nilimwaga maji kwa kata. Mama alikunja mikono ya gauni, akasimamia hesabu. Josho la kwanza tulimpaka udongo, na paka akalia kilio ambacho nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya ghuba. La pili alimchana mume wangu kifuani. La tatu, au la nne, akachomoka akapanda mpapai, na mume wangu akapanda nyuma yake, na mpapai si mti wa kupandwa na mwanamume wa kilo zake.

"Tulikuwa la ngapi?" nikauliza, maji yananichuruzika usoni.

"La nne," akasema mama.

"La tatu, mama."

"Mie ndo nnohesabu, ntoto weye!"

"Tuanzeni upya basi," mume wangu akasema kutoka juu ya mpapai, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya dunia.

Tukaanza upya, udongo na yote. Majirani wakasogea. Jirani mmoja akaanza kuhesabu na sisi kwa sauti, na watoto wakamfuatia, mpaka ikawa kama tunahesabia mpira kiwanja cha Gombani. Sita! Saba! Paka, mwembamba kama kamba kwa maji, aliwekwa chini juu ya kanga safi. Mama akasema alhamdulillahi.

Hapo ndipo mbwa, aliyekwisha kuitafuna kamba kitambo bila sisi kujua, alipokuja mbio akamramba paka kutoka mkiani mpaka masikioni.

Nilifumba macho nikingoja mama achukue mkeka wake aondoke, na safari hii asirudi. Badala yake nikasikia kicheko. Mama alikuwa amejishika ukuta, anacheka mpaka kilemba kinamwanguka, na kila akitaka kusema anamtazama paka na kuanza tena. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu baba afariki.

Mume wangu yeye hakucheka. Alikuwa amemshika mbwa shingoni, tope mpaka magotini. Akasema polepole, "Mama, kesho nitamrudisha kwa wasasi. Sitaki mbwa wangu akuzuie kula kwa mwanao."

Nilimtazama. Najua jinsi anavyompenda yule mbwa. Asubuhi husema naye kabla ya kusema na mimi. Mama akaacha kucheka. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaanza kukamua ncha ya gauni lake, na maji yalikwisha zamani na bado anakamua.

"Usimrudishe, nkwe wangu," akasema. "Mbwa nimemsingizia tu. Mbwa yuko nje, na vyombo vya ntoto huyu ni safi kuliko vyangu, nnaviona."

"Sasa kwa nini, mama?" nikauliza. Sauti ilinitoka kali, sikuipanga.

"Nikishakula hapa, na nyie, tukicheka hivi, nikirudi kule ntakula na nani? Kaka zako wote wako Unguja, baba'ako hayupo, na weye ndo wa mwisho kuondoka. Wali naupika kiganja kimoja, na bado unalala. Nkaona bora nisizoee."

Nililia hapo hapo, tope mikononi, mbele ya majirani. Muda wote ule nilikuwa nikifikiri mama anatukimbia kwa unajisi, na mama alikuwa anaikimbia nyumba yake mwenyewe inavyokuwa tupu akirudi. Mimi ndiye niliyemwachia nyumba ile, nikiwa na furaha yangu na paka wake mkononi.

Alikula siku hiyo. Alikula pweza na wali, akaongeza, akaniambia chumvi imepungua. Paka tulimwacha uani na rafiki yake. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza tena josho la kwanza. Na mume wangu, wakati ananawa, akasema tu, "Mama, Ijumaa tunakuja sisi. Na Ijumaa nyengine. Mpaka utuchoke."

Tulipofika Tibirinzi Ijumaa ile, mama alikuwa amesimama nje, mlango wazi, na harufu ya nazi imejaa mpaka barabarani. Alipika chakula cha kushibisha msikiti. Jirani yake wa mbele alichungulia, akaona masinia, akamwita, "Bi mkubwa, una wageni leo?"

"Sina mgeni mie," mama akamjibu, na akatushika mikono sote wawili. "Wanangu hawa, wamekuja kula kwao."