Migomba ya Deodata na Udongo Mwekundu

Deodata hakuweza kukaa. Akianza kumenya mihogo, mara anaacha kisu, huyo nyuma ya nyumba kutazama machipukizi ya migomba aliyoletewa na dada yake kutoka Mbuba. Yalilala kivulini yamefunikwa majani, na mizizi ilishaanza kusinyaa. Yakilala siku nyingine bila shimo, basi tena.

Shimo lenyewe ndilo lililomtesa. Kwao Mbuba, mlimani, hata mtoto anajua: udongo mwekundu ni wa migomba, mweusi wa viazi, mweupe wa kupaka nyumba. Alipohamia Nyantakara na mumewe Leonidas, aliutafuta mwekundu, akaupata kule juu kwenye mwinuko, akapiga vigelegele peke yake. Mwaka jana akapanda. Migomba ikakauka imesimama.

"Safari hii ikifa, shamba zima ni mahindi," Leonidas alisema. "Sichimbi tena."

Deodata aliona nyumba isiyo na migomba ni kambi ya wapita njia. Akija mgeni, utamkatia nini?

Basi akachimba kila mahali. Bondeni udongo mweusi ulinata kwenye jembe kama ugali mbichi. Kando ya njia ulikuwa mchanga mtupu. Kiwanja kikawa kama nguruwe pori wamekesha hapo.

"Shemeji, unatafuta dhahabu?" aliuliza Mhoja, jirani yao Msukuma, akipita na ng'ombe wake. "Ukiipata usinisahau."

"Natafuta mwekundu mwingine, shemeji. Migomba inanifia."

"Nyinyi Wahangaza na rangi! Mnachagua udongo au kitenge?" Mhoja akacheka, Deodata hakucheka. "Sisi tunatazama umelala wapi. Kule juu mvua imeosha, imebaki changarawe. Kule chini maji yanatuama, panda mpunga. Sasa ule udongo uliooshwa juu, umekwama wapi?"

Deodata akageukia katikati ya mteremko.

"Pale pana mahindi ya Leonidas."

"Hayo ni ya kwenu ndani," Mhoja alisema, akaswaga ng'ombe wake.

Hakungoja. Aliingia katikati ya mistari, akachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Hakugusa changarawe. Udongo ulikuwa wa kahawia, rangi ambayo kwao angeipita bila kuitazama. Akaulowesha, akausokota kama kamba: ulikubali. Alipoukunja, ukapasuka kidogo. Haukuwa mchanga, wala haukung'ang'ania vidole.

"Umepagawa?" Leonidas alikuwa nyuma yake. "Mahindi yangu!"

"Fungua mkono."

Akamtilia donge. Leonidas akalifinya, akalisokota, akalinusa.

"Huu kwetu haupo."

"Na sisi hatupo kwetu, baba Scolastica."

Leonidas akayatazama mahindi yake yaliyofika magotini. Akatazama wingu. Kisha akang'oa mche mmoja, akaulaza kando taratibu kama anayelaza mtoto, akachukua jembe.

"Mashimo yakae mbalimbali. Mahindi mengine usiyaguse."

Mvua iliwakuta wakifukia chipukizi la mwisho. Deodata akarudi jikoni kwenye mihogo yake, akamenya mmoja, akatupa kisu, akatoka kutazama kama maji yanatuama kwenye mashimo. Yalikuwa yanazama, polepole.

Akarudi, akakaa. Halafu akaenda tena.