Kolajeni ya Jirani

Nilikuwa na miaka arobaini na minne nilipoanza kuswali kwenye kiti cha plastiki, nyuma kabisa, pamoja na wazee wa mtaa. Goti la kulia lilikuwa limenigomea. Wazee walifurahi kupata mwenzao.

"Kijana, karibu! Kiti yako tumeshaipanguza," alisema mmoja wao, aliyecheza mpira na babu yangu.

Nikaapa kwamba Ramadhani haitanikuta pale. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Mke wangu alikuwa ameona kwenye simu kwamba mifupa ikichemka muda mrefu inatoa kolajeni, na kolajeni inalainisha viungo. Dawa ya kunywa huku umekaa! Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni ya kutoka sebuleni hadi jikoni, ningekataaje? Kila Jumamosi tukabandika miguu ya ng'ombe kwenye mbabula, jiko letu la makaa, tangu asubuhi, moto ukiwaka taratibu, mpaka alasiri supu inanata midomoni.

Shida ni kwamba tunapikia uani, na harufu haina adabu. Kwetu mtu akishatoa salamu mbele ya chungu, huwezi kukifunika, unamwekea bakuli. Jirani tunayepakana naye ukuta akawa hakosi kuja kutusalimia, saa ileile, akiliulizia goti langu kwa huruma huku akinyonya mfupa.

"Inaendeleaje, jirani?"

"Bado."

"Pole sana. Ongeza kidogo hapa."

Baada ya wiki sita kilichoongezeka kwangu ni tumbo. Nikaenda kwa muuguzi wa dispensari. Mama wa watu akacheka.

"Papa, hiyo kolajeni ukiimeza, tumbo inaikatakata kama nyama yoyote. Haina adresi ya goti. Labda inasaidia kidogo, mi sikatai. Lakini we unatembeaka?"

Nikaangalia dari.

"Apana, naona. Basi anza. Na mafuta punguza."

Nikaanza kwenda msikitini kwa miguu, nikilalamika njia nzima.

Adhuhuri ya kwanza ya Ramadhani nilipita viti bila kuvitazama, nikajipanga kwenye safu. Kulia kwangu, jirani. Rukuu ikapita. Nikashuka kwenye sijida vizuri, nikajisifu moyoni, jambo ambalo pale si mahali pake. Kuinuka, goti likakataa. Safu nzima imesimama, mimi niko chini kama mzigo uliosahaulika forodhani. Ndipo mkono mnene ukaingia kwapani, ukaninyanyua mara moja.

Swala ilipokwisha, jirani akaninong'oneza: "Umeona? Supu yako inafanya kazi."

Kiti sikukirudia. Nilisimama safuni mwezi mzima, ila kwa sharti kwamba yeye awe kulia kwangu. Kwa hiyo kila futari ya Jumamosi bakuli la kwanza, lenye mfupa mnono, lilikuwa lake. Nilimpelekea mwenyewe, kwa miguu, maana muuguzi alisema nitembee.